Eafraya kwa ajili ya kiporo cha chipsi kuku: ni nzuri kweli ila sio kwa kila chakula

Kama we ni mtu wa kununua chipsi kuku usiku alafu nusu inalala kwenye friji, hii mashine ya kupika kwa hewa ya moto inakufaa, na sisemi hivi kwa sababu ya yale matangazo ya kuku mzima anatoka anang'aa, mi yangu kazi yake kubwa ni kupasha kiporo tu. Kwa kazi hiyo imeiacha maikrowevu mbali sana. Ila kuna vyakula ukiviweka humo unaviua kabisa, na watu wengi wanaanzia na hivyo hivyo afu wanakuja kusema eafraya haina maana, jamani inayo.

Yangu ni ya kawaida, lita 4, wati 1500, ile ya kuzungusha swichi mbili, moja ya moto moja ya dakika. Brand sitaji maana nyingi za bei ya kati kanuni ni ileile, koili ya moto juu na feni inayozungusha hewa ya moto kwa kasi kwenye chakula. Philips ndo walioileta sokoni mwaka 2010 kwa jina la Airfryer na zingine zimefuata humohumo. Sasa siri yote ipo kwenye hiyo hewa, inakausha juu. Maikrowevu inachemsha maji yaliyomo ndani ya chakula, mvuke unatoka nje unakutana na hewa ambayo haina moto, unageuka maji palepale juu ya chipsi, ndo maana zinatoka zimelegea zimelowa, afu ukikaa kidogo tu zinakuwa ngumu kama mpira.

Tuanze na chipsi kavu maana hapa ndo mashine inapata maksi zote. Kiazi kikilala kwenye friji wanga wake unakakamaa, ila ukiupasha vizuri unalegea tena, kwahiyo ndani inarudi laini huku nje panakauka. Naweka nyuzi 190, dakika 5 mpaka 6, nazitandaza zisilaliane, katikati navuta droo natikisa. Mafuta siongezi hata tone, yale ya kibandani yanatosha na utayaona yenyewe yanachuruzika chini ya kikapu. Sikilizia pia, ukitikisa zikawa zinakwaruzana kwa sauti kavu hivi basi toa, ukiongeza dakika mbili hapo zinakuwa tupu ndani. Chumvi weka ukishatoa, zikiwa bado za moto, inashika vizuri.

Kuku anahitaji utulivu zaidi. Wengi wanamuweka kwenye moto mkali toka mwanzo, ngozi inaungua ndani kwenye mfupa bado pana ubaridi. Mi nampaka kwanza ndimu, kitunguu saumu kilichosagwa, pilipili na mafuta kidogo saaana, hasa kidari maana kidari kinakauka haraka, namuanzia nyuzi 160 dakika 8, afu namalizia nyuzi 200 dakika 2. Paja lenye mfupa ongeza kidogo. Kama una kipimajoto cha nyama, ndani ifike nyuzi 74, kama huna basi pasua karibu na mfupa uone kama mvuke unatoka na panaunguza kidole. Kwakweli kuku wa kuchoma wa jana akipakwa hivi anakuwa na ladha kuliko alivyokuja usiku, yani ile ndimu inaingia kwenye nyama.

Mishkaki toa kwenye vijiti kwanza. Dakika 4 tu, zaidi ya hapo unatafuna kamba. Sambusa na bagia nyuzi 170 dakika 4 au 5 zinarudi kama zimetoka kwenye karai muda huohuo.

Zege, yani chipsi mayai, ndo kesi nyingine. Zege iliyolala ukiiweka humo yai linakauka linakuwa kama karatasi, wala usijisumbue, hiyo ipashe kwenye kikaango moto mdogo umeifunika. Mi siku hizi usiku nanunua chipsi kavu za ziada makusudi, asubuhi nazipitisha eafraya dakika 4 zichangamke, huku kwenye kikaango nishakaanga kitunguu na hoho, namwaga chipsi, juu yake mayai mawili yaliyopigwa na chumvi, nafunika mpaka chini pashike, nageuza kwa sahani. Hiyo zege inashinda nyingi za kununua kwa sababu chipsi zinabaki na ukavu wake ndani ya yai badala ya kulowana. Kachumbari kata mpya. Na kama yai huna, fanya chipsi masala kama watu wa Mombasa, nyanya, kitunguu saumu, masala, pilipili, dhania na ndimu, rosti iwe nzito kabisa ndo utumbukize chipsi mwishoni, ukizikorogea kwenye rosti ya majimaji umepoteza kazi yote ya eafraya.

Sasa nikuambie kitu ambacho mashine yoyote haiwezi kurekebisha. Kiporo kinaharibika usiku uleule wa kununua. Chipsi za moto zikifungwa kwenye foili au boksi zinajipika kwa mvuke wake wenyewe njia nzima, kwahiyo ukifika tu nyumbani fungua, hata kama huli muda huo, tenga kachumbari pembeni, na mwambie muuzaji tomato na pilipili asimwagie juu. Chipsi zilizomwagiwa tomato zikalala nayo, hiyo tomato inaungua kwenye kikapu na chipsi zinatoka nyeusi huku na zimelowa kule.

Pilau, biriani na wali kwenye eafraya HAPANA. Ile feni inazikausha punje moja moja mpaka unasikia zinavunjika mdomoni. Wali wa kiporo unataka mvuke, sufuria, nyunyizia maji vijiko viwili vitatu, funika kwa foili chini ya mfuniko, moto mdogo, acha. Biriani rojo lake lipashe peke yake mpaka lichemke. Na kwenye wali naomba watu wawe makini kweli maana tunauachia mezani usiku kucha na joto hili la Dar. Kuna bakteria wanaitwa Bacillus cereus, mbegu zao hazifi ule wali ulipopikwa, wali ukikaa kwenye joto wanaamka wanazaliana na wanaacha sumu, na hiyo sumu haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili, joto likipita nyuzi 32 basi saa moja, weka friji kwenye chombo kipana kipoe haraka. Uliolala mezani tupa tu, inauma ila tupa.

Chapati nayo usiweke, inakuwa ubao. Kikaango kikavu, matone ya maji, funika nusu dakika, basi. Pizza mi bado naipenda zaidi kwenye kikaango kilichofunikwa kuliko humu, chini panakauka na jibini inayeyuka taratibu, kwenye eafraya feni wakati mwingine inanyanyua vile vitu vya juu vinagonga koili vinaungua na kunukisha nyumba nzima.

Upande wa umeme hainitishi. Wati 1500 kwa dakika 8 ni uniti 0.2 tu. Maikrowevu inakula pungufu ya hapo maana ni dakika mbili imemaliza, ila chakula chenyewe ndo kile. Kinachonikera ni taima, hizi za kuzungusha taima ni ya springi, umeme ukikatika yenyewe inaendelea kuhesabu mpaka inagonga kengele kama kawaida, unavuta droo chakula cha baridi. Tena lita 4 kwa familia ya watu watano haitoshi, utapasha kwa mafungu na wa kwanza anamaliza kula wa mwisho hajapata, chukua ya lita 6 kwenda juu. Kelele za feni zipo, za kawaida.

Kusafisha usitumie stilwaya, ile rangi nyeusi ya kikapu inabanduka. Maji ya moto na sabuni acha iloweke dakika kumi, sponji laini, kausha. Samaki wa kukaanga nawapasha siku ambayo naosha palepale, maana harufu ikilala humo chipsi za kesho zinanuka samaki.

Kwa anayeenda kununua, angalia kibandiko cha chini kimeandika volti 220 mpaka 240. Mtumba zilizotoka Japani ni za volti 100 na za Marekani 120, ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua hapohapo, na transfoma ya kubeba wati 1500 ni mzigo na gharama nyingine. Na ichomeke kwenye soketi ya ukutani yenyewe, sio kwenye ekstensheni moja na friji na pasi.