Nimeshusha gari kwa springi fupi: miezi 14 baadaye

Nianze na kosa langu, maana lilinigharimu kuliko springi zenyewe. Nilinunua springi fupi nne, mpya kabisa, halafu nikazifunga kwenye shokapu za zamani zilizokuwa zimeshatembea zaidi ya kilomita 140,000. Hazikuwa zinavuja, na gari halikuwa linadundadunda, nikajiambia zitavumilia. Zilivumilia miezi mitano.

Gari lenyewe ni dogo, linavuta kwa magurudumu ya mbele. Mbele springi imekaa kwenye shokapu yenyewe, ule mfumo wa MacPherson, na nyuma kuna mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili. Sikuwa na ndoto za mashindano. Nilitaka tu lile pengo la juu ya tairi, ambalo ngumi yangu ilikuwa inapita bila kugusa kitu, lipungue.

Koilova mpya, yaani shokapu zenye uzi kama wa bolti ambazo unapandisha na kushusha gari utakavyo, nilizifuta kichwani siku ya kwanza, mfuko haukuruhusu. Nikaenda kuangalia za mtumba. Moja ilikuwa inatoka jasho la mafuta kwenye shina, na zote nne uzi wake ulikuwa umeliwa na kutu kiasi kwamba ringi ya kurekebishia haikusogea hata ilipogongwa nyundo. Koilova isiyozunguka ni shokapu ya kawaida yenye jina kubwa. Nikaziacha hapo hapo.

Fundi alikuwa na dawa nyepesi zaidi. "Bosi, unajisumbua bure. Hizi hizi zako tunakata raundi moja, jioni unaondoka nalo liko chini." Grainda tayari ilikuwa mkononi.

Nilikataa, na bado nafurahi nilikataa. Springi ukiipunguza raundi inakuwa ngumu zaidi. Yenye raundi 6 zinazofanya kazi, ukikata 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Ugumu peke yake si ugonjwa, hata springi fupi za kiwandani ni ngumu kuliko za mwanzo. Tabu ni kwamba hapo kipimo kinaamuliwa na grainda. Halafu ule mwisho uliokatwa haukai sawasawa kwenye kikombe chake, na ukipiga jeki gurudumu likaning'inia, springi inalegea kabisa na inaweza kuhama mahali pake. Wapo pia wanaoichoma kwa moto wa gesi mpaka ijikunje. Chuma kikishapoteza ukakamavu wake kwa moto, kitaendelea kulala chenyewe au kikatike siku moja ukiwa kwenye mwendo. Kwa hilo sina mjadala na mtu.

Springi nilizonunua ziliahidi kushusha mm 40 mbele na mm 30 nyuma. Nilipima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa mudigadi (usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya). Mbele ilikuwa mm 385 kabla ya kazi, ikawa 348 jioni ile ile, na baada ya wiki tatu springi zilipokaa ikawa 342. Nyuma zilishuka mm 28. Kwa bidhaa ya bei ya chini, hiyo ni kazi safi. Rangi yake ndiyo ya ovyo: kufika mwezi wa tatu raundi za chini zilikuwa zimeshaanza kuonyesha kutu.

Kufunga ni kazi ya nusu siku. Kama huna kompresa ya springi iliyo nzima, usijaribu nyumbani. Springi ya mbele iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua mtu, na si maneno ya kutishana. Ila kuna jambo dogo ambalo karibu lipite. Fundi alimaliza, gari likiwa bado juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, akaanza kukaza bolti za bushi (zile raba za kwenye maungio) za mikono ya chini, ile inayoshikilia magurudumu, kwa nguvu zote.

"Fundi, subiri kwanza. Lishuke chini ndiyo tukaze."

"Kwani si ni bolti tu, bosi?"

Ni bolti, lakini raba ya bushi inashikwa katika hali uliyoikazia. Ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka ile raba inabaki imejisokota saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na inachanika mapema. Aliguna, akaweka mbao chini ya matairi, akashusha gari juu yake na kukaza akiwa amelala chali. Bushi zile zipo mpaka leo na hazilii.

Kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, nikafanya uzembe. Nilisema nitakwenda wikiendi, wikiendi zikawa sita. Mbele ikishuka, pembe ya mkono wa chini na ya tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) zinabadilika, na hazibadiliki kwa kiasi kimoja. Kwangu matairi ya mbele yalifunguka kwa nje, yakasimama kama ndama anayejifunza kusimama. Ukiyatazama kwa nje yalikuwa na kashata (yale meno ya tairi) nzuri tu. Nilipokata usukani wote na kupitisha kiganja upande wa ndani, nilikuta ukingo laini kama kigae. Matairi mawili yakaenda hivyo, na tairi moja lilikuwa na bei kuliko alaimenti niliyokuwa naikwepa.

Turudi kwenye shokapu. Springi fupi inailazimisha shokapu ifanye kazi ikiwa imeingia ndani zaidi, sehemu ya shina ambayo zamani ilikuwa haifikiwi mara kwa mara, na inatakiwa kutuliza springi ngumu zaidi. Shokapu iliyochoka haiwezi. Mwezi wa nne gari lilianza kuyumba kama mtumbwi kila baada ya kurukia shimo. Mwezi wa tano ya nyuma kulia ikamwaga mafuta. Nikanunua nne mpya, za kawaida lakini zinazokubali gari lililoshuka kiasi hicho, nikalipa fundi kwa mara ya pili kufungua vitu vile vile, na alaimenti tena. Ningezinunua pamoja na springi, ufundi ningelipa mara moja. Kama pesa inatosha springi peke yake, mimi ningengoja.

Kwa mengine, maisha yanaendelea. Kwenye kona gari limetulia kuliko lilivyokuwa linatoka kiwandani, hilo silipingi. Taa zilianza kumulika karibu sana kwa sababu mbele imeshuka kuliko nyuma. Skrubu ya nyuma ya taa ilimaliza hilo kwa dakika kumi. Matuta napita kwa mshazari, na ekzosi imeshakwaruza mara mbili. Tukiwa watano na mizigo, nyuma inagonga stopa za raba na kila mtu anasikia kiunoni. Mama yangu amesema mara moja tu, tena kwa upole: "Mwanangu, kutoka kwenye gari lako siku hizi ni kama kuinuka sakafuni." Tangu hapo anapanda la ndugu yangu. Na kampuni ya bima niliipigia kabla ya kufunga chochote. Waliandika tu kwenye faili, lakini ningekuwa kimya halafu nikapata ajali, hadithi ingekuwa nyingine.

Springi zenyewe nazipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa ajili ya rangi. Uamuzi wangu wa shokapu naupa 2.

Springi za zamani sijazitupa. Nimezifuta, nimezipaka grisi, nimeandika kwa rangi nyeupe mbele na nyuma, kulia na kushoto, ziko stoo ndani ya gunia. Juzi mtu alikuja kuulizia gari, akaligusa mudigadi, akachuchumaa kuchungulia chini, kisha akauliza, "Na springi zake za mwanzo zipo?"