Groff kwa katiba ya kikundi: uzoefu wangu

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na katiba yetu pamoja na kanuni za mikopo naziandaa kwa Groff, programu ya bure ya Linux ya kupanga maandishi kwenye kurasa. Haina menyu wala vitufe. Unaandika kwenye faili la kawaida, na kila amri inakaa kwenye mstari wake ikitanguliwa na nukta: .TL ni jina la waraka, .NH kichwa chenye namba, .PP aya. Kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) unaagiza Groff itoe PDF; -ms ni seti ya amri hizo za nukta:

groff -ms -Tpdf katiba.ms > katiba.pdf

Mtindo huo wa nukta ni wa enzi za kompyuta kubwa. Jerome Saltzer wa chuo cha MIT, Marekani, aliutumia mwaka 1964 katika programu yake RUNOFF, kwenye mashine ya IBM 7094. Zikafuata programu za roff na troff, hii ya pili ya Joe Ossanna wa maabara za Bell Labs, na mwaka 1990 James Clark akatoa Groff.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni wazo ambalo IBM walilisimamisha vizuri mwaka 1969, pale Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walipobuni GML, lugha ya kuweka alama kwenye maandishi: mwandishi ataje kitu ni nini, kichwa au aya, na sura yake iamuliwe kwingine. Amri za -ms zinaniwezesha kufanya hivyo hivyo. Mkutano mkuu ulipoongeza kifungu katikati ya katiba, niliandika .NH mpya mahali pake, na vifungu vyote vya chini vikajipa namba upya. Sikugusa kingine.

Mswahili ajihadhari na mambo mawili. Groff hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na silabi zetu huvunjika vibaya. Weka .nr HY 0 mwanzoni mwa faili ili kuzima ukataji huo. Mapengo kati ya maneno yatapanuka kidogo, hasa kwenye safu nyembamba, lakini nayavumilia. La pili ni baya zaidi: mstari ukianza na nukta au ritifaa ('), Groff huuchukulia kuwa amri, na isipoitambua huumeza mstari huo kimya kimya. Ritifaa iliyo ndani ya neno, kama ng'ombe, haina shida. Soma PDF yote kabla ya kuchapa.

Kwa kadi ya harusi simshauri mtu. Kwa waraka mrefu wenye vifungu vinavyorekebishwa kila mwaka, sijaona cha kunihamisha.