AirNow kwa ozoni ya Los Angeles: rangi zinaeleweka, saa ndizo zimefichwa

AirNow ni huduma ya bure ya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Unaandika msimbo wa posta, unapewa namba na rangi ya ubora wa hewa. Kwa Los Angeles na miji iliyo mbali na pwani inafaa sana, ila usiisome bila kutazama jua na upepo.

Ozoni, gesi inayodhuru mapafu, ikifika sehemu 71 kwa bilioni, wastani wa masaa 8, namba huwa 101 na rangi ni chungwa, ya tahadhari; nyekundu, mbaya zaidi, huanzia sehemu 86. Kasoro kubwa iko kwenye utabiri: siku nzima hupewa namba moja. Ozoni ya karibu na ardhi haitoki moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Jua ndilo huipika kutokana na oksidi za nitrojeni (gesi za moshi wa injini) na mivuke ya petroli, rangi na tina ya kuyeyushia rangi. Kwa hiyo saa 1 asubuhi huwa kidogo, kisha hupanda hadi alasiri. Mkimbiaji wa alfajiri, kwa upande wa ozoni, hana haja ya kuahirisha hata kama siku imepakwa nyekundu.

Jihadhari na siku ya joto kali, anga jeupe na upepo dhaifu, hasa pale tabaka la hewa ya joto linapokaa juu ya hewa baridi ya baharini kama kifuniko cha sufuria: uchafu hauna pa kupandia. Upepo wa baharini nao hudanganya. Santa Monica, ulio pwani, hupata nafuu, lakini mzigo wa uchafu unasukumwa mashariki ukiendelea kuiva njiani, na San Bernardino na Riverside ndizo huupokea. Msimbo wa posta hukupa eneo pana mno kwa tofauti hizo. Fungua ramani, chagua ozoni, soma kituo cha kupimia hewa kilicho upande wako wa bonde la Los Angeles. Kituo kikiwa kando ya barabara kuu, namba ndogo isikufurahishe: nitrojeni monoksidi ya magari huimeza ozoni papo hapo, na hewa hiyo bado ni chafu.

Ramani ya AirNow ya moto na moshi ni nzuri, lakini inaonyesha chembechembe za moshi na vumbi tu, si ozoni. Barakoa ya N95 vilevile huzuia chembechembe; ozoni, kwa kuwa ni gesi, inapita. Alasiri ozoni inapopanda, funga madirisha.