Filta ya infraredi ya nanomita 742: miezi mitatu nikiwa nayo Mwambani, Tanga

Nianze na lililoniudhi. Muuzaji aliandika kwamba filta hii inazing'arisha nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani. Si kweli. Ule wekundu tunaoupenda kwenye picha za nebula ni wa haidrojeni, nao uko nanomita 656.3 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), filta hii inapitisha kuanzia 742 kwenda juu, yaani infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Kwa hiyo wekundu wote unabaki nje. Usiku wa kwanza nikalenga nebula ya Orioni, nikapiga picha 240 za sekunde kumi kumi, nikazijumlisha kwenye kompyuta, kikatoka kitu cha kijivu. Bibi akakitazama: "Mjukuu wangu, wingu lako mbona limepauka kama limefuliwa na jiki?" Laki mbili na nusu hiyo, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar.

Asubuhi nikaiweka kando ya picha ya zamani isiyo na filta. Loo! Katikati ya nebula, pale ambapo picha ya kawaida huungua ikawa nyeupe tupu, nyota nne za Trapezium zimesimama kila moja peke yake, na pembeni zimejaa nyota ndogondogo ambazo sikuwahi kuzipata. Vumbi huzuia mwanga wa buluu zaidi kuliko huu wa infraredi, ndiyo maana nyota zilizojificha humo zinachungulia. Tangu hapo silitafuti tena wingu, nawatafuta waliomo ndani. Kilimia ndicho usijisumbue nacho: ukungu wa buluu unaoizunguka Merope, mojawapo ya nyota zake, ni mwanga wa nyota uliotawanywa na vumbi, nao ulififia karibu wote.

Faida ambayo sikuitarajia imetokana na dagaa. Siku za giza wavuvi wako kazini, bahari mbele yetu inawaka taa kama mtaa. Mbalamwezi ikitoka wao wanapumzika, lakini sasa mwezi wenyewe ndio taa. Nilikuwa sina usiku wangu! Filta ikaniokoa: taa nyeupe za LED hazitoi karibu chochote kupita nanomita 742, na mwanga wa mwezi huko hautawanyiki sana angani. Januari nimepiga picha mwezi ukiwa umepita nusu, na anga likatoka jeusi.

Natumia darubini ya kioo cha kuakisi ya milimita 130 na kamera yenye sensa (chipu inayonasa mwanga) ya Sony IMX462, ambayo inaiona infraredi vizuri sana. Mwenye darubini ya lenzi ajue kwamba fokasi inahama na nyota zinaweza kuvimba.

Kero nyingine ni ya mahali, filta haihusiki. Orioni kwetu inapita utosini kabisa, na ekseli ya stendi, ile inayoelekezwa kwenye ncha ya anga, inalala nyuzi tano tu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, basi darubini inagonga mguu wa stendi pale pale picha inaponoga. Na unyevu wa pwani: mvuke hewani unakula mwanga wa karibu na nanomita 940, umande nao unakula uliobaki. Nimeizungushia darubini kipande cha mkeka wa plastiki, unasaidia mpaka kama saa saba usiku.

Naipa nne kati ya tano. Moja nimemkata muuzaji kwa maneno yake.

Sasa masika yameingia, mawingu matupu. Filta iko kwenye kopo la kufunga pamoja na mchele mkavu, isishike kuvu.