Vitabu vya Fahari vya Magari ya Mbio: Uanze na Kipi, Kipi Kisubiri

Kama una pesa ya kitabu kimoja tu mwaka huu, nunua kile kinachofuatilia gari moja tangu lilipotoka kiwandani hadi lilipo leo. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Wengine tuendelee, maana soko hili lina mitego yake: kasha la ngozi, maandishi ya dhahabu mgongoni, sahihi ya dereva mstaafu, halafu ndani unakuta picha zilezile ulizokwisha kuziona bure kwenye simu.

Mpangilio wangu hautazami bei. Nauliza jambo moja: kitabu hiki kina nini kisichopatikana kwingine? Kikiwa na kumbukumbu za kiwanda, madaftari ya mafundi, nambari za chasi na matokeo ya kila shindano, kitatafutwa hata baada ya jalada kuchakaa. Kikiwa na urembo peke yake, thamani yake inategemea mnunuzi wa kesho atakuwa na hisia gani siku hiyo.

1. Kitabu cha gari moja

Simaanishi aina moja ya gari. Ni gari lenyewe, lenye nambari yake. Porter Press ya Uingereza ndio waliojijengea jina hapa kwa mfululizo wao wa Great Cars. Mojawapo inahusu Porsche 917 yenye nambari 023, ile nyekundu na nyeupe iliyoendeshwa na Hans Herrmann na Richard Attwood, ikaipatia Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka 1970. Kurasa mia kadhaa kwa gari moja! Ukisikia hivyo unadhani ni kujaza karatasi, ila ukianza kusoma unaelewa. Gari la mbio halikai lilivyozaliwa. Linagongwa, linabadilishwa injini, linauzwa, linapakwa rangi nyingine, wakati mwingine linakatwa na kuunganishwa upya. Kitabu cha namna hii kinaeleza kipande gani kilitoka lini na gari lilikuwa la nani.

Umuhimu wake unaonekana pesa inapoingia. Ferrari 250 GTO zilizotengenezwa kati ya 1962 na 1964 ni 36. Agosti 2018 moja yao, yenye nambari ya chasi 3413 GT, iliuzwa kwenye mnada wa RM Sotheby's huko Monterey kwa dola milioni 48.4. Kwa bei hiyo, historia ya chasi ndiyo mali yenyewe, na nakala bandia za GTO zipo tele duniani. Wenye magari, wanasheria na watu wa minada wananunua vitabu hivi kama nyenzo ya kazi. Ndiyo maana uchapaji ukiisha, bei ya mtumba hupanda badala ya kushuka. Kwangu nafasi ya kwanza haina mpinzani.

2. Historia ya kiwanda

Hapa utakutana na Dalton Watson wa Illinois, Marekani, na Giorgio Nada wa Italia, pamoja na wachapishaji kadhaa wa Kijerumani. Ni juzuu nene, mara nyingi mbili au tatu ndani ya kasha moja. Kitabu kizuri cha aina hii hukaa na mtu maisha yake yote. Kibaya ni tangazo la kiwanda lililovalishwa jalada gumu.

Angalia toleo kabla ya kulipa. Historia ya Porsche aliyoiandika Karl Ludvigsen ilitoka 1977 ikiwa juzuu moja. Kufikia 2003 ilikuwa juzuu tatu. Anayetaka kusoma achukue toleo jipya, kwa kuwa ndani yake kuna masahihisho na miaka iliyoongezeka. Anayekusanya atataka la kwanza. Muuzaji asiyetaja ni toleo la mwaka gani, mwulize kabla hujajadili bei.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jaribio letu la kupima uangalifu wa mwandishi, na halihitaji utaalamu. Chukua kitabu chochote kinachogusa Porsche kwenye rali, nenda kwenye faharasa, tafuta Safari. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari Rally yenyewe. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, 1974 kwa Björn Waldegård, na 1978 kwa Vic Preston mdogo. Ile ya 1974 iliuma zaidi, maana aliyewapita ni Joginder Singh wa Kenya akiwa na Mitsubishi Lancer. Waldegård alikuja kushinda na 911 mwaka 2011, lakini hiyo ni East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Mwandishi anayechanganya mambo haya mawili hakufika kwenye kumbukumbu. Alinakili kwa mwenzake. Kama kitabu hakina faharasa kabisa, kirudishe rafuni hata kama kimeshonwa kwa uzi wa hariri.

3. Vitabu vya mwaka na majarida yenye jalada gumu

Kwa anayeanza, hapa ndipo pesa ndogo inapozaa. Autocourse, kilichoanza 1951, kinakusanya msimu mzima wa mbio: matokeo, muda wa mizunguko, michoro ya magari. Automobile Year kilitoka Lausanne, Uswisi, kuanzia 1953, na kilichapwa kwa ustadi ambao vitabu vingi vya leo havijaufikia. Vya miaka ya mwanzo vimepanda bei, lakini vya miaka ya 1970 na 1980 bado vinapatikana bila kuuza shamba.

Halafu kuna Automobile Quarterly ya Marekani. Ilianza 1962 ikafa 2012. Ilitoka na jalada gumu na haikubeba matangazo ya biashara. Kwa kuwa nakala nyingi zilihifadhiwa na waliojiandikisha, soko la mtumba limejaa, na juzuu moja moja mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 20. Ubora wa uandishi kwa bei hiyo unanishangaza mpaka leo. Usinunue seti nzima kwa pupa. Chagua juzuu zenye makala za magari unayoyapenda.

Na ukiwa Nairobi, unapoinama kwenye vitabu vya mitumba pembeni ya barabara, macho yako yatafute programu rasmi za Safari za miaka ya 1960 na 1970. Si vitabu vya fahari, ni vijitabu vya karatasi, lakini vina orodha ya washiriki, njia na ratiba. Vingi vilifungiwa maandazi. Ukikiona, kinunue palepale.

4. Albamu za picha

Michael Furman wa Philadelphia, kupitia Coachbuilt Press, anapiga picha za magari studioni kwa namna ambayo unaona mshono wa kiti na mkwaruzo wa rangi ya mwaka 1938. Ameshirikiana na jumba la makumbusho la Simeone katika mji huohuo, lenye Alfa Romeo 8C 2900B iliyojengwa kwa ajili ya Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia. Hivi ni vitabu vya kutazama Jumapili. Nimeviweka nafasi ya nne kwa sababu maelezo yake huwa mafupi, ila kama macho yako ndiyo yanayokusanya, vipandishe hadi ya pili, hatutagombana. Kagua jambo moja tu: gari lisikatwe na mkunjo wa katikati ya kurasa. Mchapishaji anayeiachia Bugatti izame kwenye mkunjo hakujali kazi yake.

5. Matoleo ya kifahari yenye idadi maalumu

Mfano unaojulikana ni kitabu cha Ferrari cha mchapishaji Taschen cha 2018: nakala 1,947, kwa heshima ya mwaka 1947 ambapo gari la kwanza lenye jina hilo lilitoka, na kasha lililobuniwa na Marc Newson. Bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya euro. Ni kitu cha kupendeza sebuleni. Kwa pesa hiyo, hata hivyo, ungejaza rafu nzima kwa vitabu vya nafasi ya kwanza hadi ya tatu.

Wachapishaji wengi hutoa kazi moja kwa sura mbili: toleo la kawaida, na toleo la ngozi lenye nambari na sahihi. Maandishi ni yaleyale. Chukua la kawaida, isipokuwa sahihi hiyo ina maana kwako. Na sahihi zenyewe zina mambo. Stirling Moss, dereva mashuhuri wa Uingereza, alifariki Aprili 2020. Kitabu kilichotoka baada ya hapo kikiwa na sahihi yake lazima kieleze ilipatikana lini na imebandikwa vipi.

Kabla ya kutoa pesa

Fungua kitabu katikati ya fungu la kurasa. Ukiona uzi, kimeshonwa. Ukiona gundi tupu na kitabu kina kurasa 300 za karatasi nzito, joto letu litakipasua mgongo mapema. Karatasi ya gramu 150 kwa mita ya mraba au zaidi haiachi picha ya nyuma ionekane.

Ukinunua kwa mbali, omba picha za pembe zote nne, za mgongo, na za ukurasa wa haki miliki. Hapo huwa kuna safu ya tarakimu. Ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo inayoonyesha ni uchapaji wa ngapi. ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu, za kabla ya 2007 zilikuwa na tarakimu 10, kwa hiyo "uchapaji wa kwanza wa 1995" wenye ISBN ya tarakimu 13 pekee unahitaji maelezo. Uliza pia kama kiliwahi kuwa cha maktaba, na kama kina harufu ya ukungu. Harufu hiyo haitoki, na inaambukiza vya jirani.

Wa Mombasa, Tanga na Unguja, unyevu ndio adui. Usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje, acha hewa ipite nyuma, weka vifuko vya kunyonya unyevu na uvibadilishe. Vitabu vizito vilaze, visizidi vitatu kwa fungu. Vikisimama, uzito wa kurasa huvuta mshono. Jua nalo lina chuki na migongo myekundu, na vitabu vya Ferrari karibu vyote ni vyekundu. Baada ya miaka michache dirishani vinakuwa waridi.

Mzigo ni gharama ya pili. Kitabu kimoja kinaweza kufika kilo nne au tano, na nauli ya ndege ikakaribia bei yake. Kusanya oda kwa muuzaji mmoja, au mwombe jamaa anayekuja kutoka London au Dubai. Akikubali, mwambie akilete ndani ya boksi la mchapishaji lililofungwa, na akilaze katikati ya nguo.