Tathmini ya risasi ya .375 Holland & Holland kwa mapori ya Lindi: mshuko wa risasi una uzito kiasi gani?

Ubavuni mwa makasha mengi ya risasi za uwindaji pamechapishwa jedwali dogo linaloonyesha risasi itakuwa imeshuka kwa kiasi gani ifikapo yadi 100, 200 na 300, na mnunuzi anayejiandaa kuomba kibali cha silaha huvutwa haraka na kasha lenye namba ndogo zaidi. Kwa kipimo hicho peke yake, risasi ya .375 Holland & Holland Magnum haina wa kuitetea, kwa sababu karibu kila risasi mpya ya raifo iliyo rafuni huishinda kwa kwenda moja kwa moja. Hata hivyo, kwa mtu anayewinda Liwale, Kilwa au Nachingwea, hakuna risasi ninayoipendekeza mbele ya hii, na katika kuichagua mshuko ni jambo ninaloliangalia mwisho.

Risasi hii ilitolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London, wakati ambapo wawindaji wa Afrika na India walikuwa wakitafuta bunduki moja itakayomwangusha nyati asubuhi na swala jioni. Ganda lake ni refu, linapungua unene polepole kutoka kitakoni hadi shingoni, na karibu na kitako lina ukanda unaoizuia risasi isizame kupita kiasi ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa. Kichwa cha risasi kilichozoeleka kina uzito wa greni 300, yaani gramu 19.4 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde kikiwa na nguvu inayokaribia jouli 5,800. Washindani wake wawili ambao mtu wa huku anaweza kuwafikiria ni .30-06 Springfield ya mwaka 1906, inayosukuma kichwa cha greni 180 kwa mita 820 hivi kwa sekunde, na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, inayosukuma kichwa chenye uzito huohuo kwa mita 900.

Tuanze na hilo jedwali. Kila risasi huanza kushuka mara tu inapoachana na mtutu, na mvuto wa dunia huzivuta zote kwa kiwango kimoja, iwe nzito au nyepesi. Inayofika mapema ndiyo inayoshuka kidogo, kwa kuwa imekaa hewani muda mfupi. Ukizirekebisha shabaha bunduki hizi tatu, zote zikiwa na darubini, ili zipige katikati kwenye mita 100, basi kwenye mita 200 risasi ya .300 itakuwa imeshuka takriban sentimita 10 chini ya mstari wa kulenga, ya .30-06 takriban 13, na ya .375 takriban 17. Namba hizi husogea kidogo kulingana na umbo la kichwa cha risasi, kwa maana chenye ncha kali hukata hewa vizuri kuliko cha mviringo, lakini mpangilio wenyewe haubadiliki. Tofauti kati ya aliye bora na aliye nyuma kabisa ni sentimita 7. Eneo la moyo na mapafu la nyati lina upana unaozidi sentimita 30, na la swala pala halipungui 15. Tena, mtu anayekadiria kwa macho umbali wa mnyama aliyesimama kwenye vivuli vya miti hukosea mita 30 au 40 bila kujua, na pumzi zake baada ya kutembea tangu alfajiri humtikisa mtutu kwa zaidi ya sentimita hizo 7 tunazozibishania.

Kwenye mita 300 hesabu hugeuka, na haki yake isemwe. Hapo, kwa marekebisho yaleyale, .300 imeshuka karibu sentimita 40, .30-06 karibu 50, na .375 imevuka 60. Anayewinda kwenye tambarare za kaskazini, ambako swala humwona mtu kabla mtu hajamwona swala, ana sababu nzuri ya kulisoma jedwali kwa makini na kuilipia kasi ya ziada. Swali la mwindaji wa kusini ni kama mita 300 hizo anazo.

Kwa sehemu kubwa hana. Tangu mwaka 2019, ilipoundwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kutokana na eneo la Pori la Akiba la Selous, uwindaji haupo tena ndani ya hifadhi hiyo, bali umebaki katika vitalu vya pori la akiba, ikiwamo vya upande wa Liwale, na katika maeneo ya jumuiya za vijiji. Huko ni miombo karibu kote. Msimu unapofunguliwa Julai nyasi bado zinamfunika mtu kifuani. Moto ukishapita, macho hufika mbali zaidi, lakini mashina ya mitondoro na myombo hujipanga hivi kwamba mnyama aliye mita 120 huonekana bega tu, au sikio na mkia. Risasi nyingi hupigwa kati ya mita 40 na 100, na kwa nyati aliyeingia kichakani mara nyingi ni chini ya hapo. Mfuata nyayo huzisimamisha fimbo za kuegemezea bunduki, mpigaji huweka mtutu, kisha hufuata ule mnong'ono unaojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kitaluni: "Subiri, bosi, ageuke." Kinachosubiriwa hapo ni pembe ya bega, na risasi ya kasi haimgeuzi nyati.

Kuna pia sheria, ambayo kwa wanyama fulani inaufunga mjadala kabla haujaanza: kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kiwango cha chini cha kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) kinachokubalika nchini ni .375. Mwenye .300 yake, hata ikipiga kwa unyoofu namna gani, hana ruhusa ya kumkabili nyati nayo.

Sasa tuje kwenye kile ambacho .375 inakifanya vizuri, nacho ni kupenya. Kichwa cha greni 300 katika kipenyo hicho ni kirefu na kizito kwa unene wake, na mwendo wake wa wastani humaanisha kwamba hakipasuki kinapokutana na mfupa wa bega kwa karibu. Risasi ya kasi kubwa ina tatizo la kinyume: kwenye mita 40, kabla hewa haijaipunguza mwendo, ndipo inapogonga kwa ukali zaidi, na kama kichwa chake ni cha kawaida, chenye madini laini ya risasi yaliyovikwa shaba nyembamba, huweza kutawanyika kabla hakijafika moyoni. Kasi ileile iliyosifiwa kwenye jedwali kwa ajili ya mita 300 huwa mzigo kwenye mita 40, na humu ndimo tunamowinda. Dawa yake ni kichwa cha risasi kilichotengenezwa vizuri, mfano Nosler Partition, ambacho kina ukuta wa shaba katikati ili sehemu ya mbele itanuke na ya nyuma iendelee kusukuma, au vile vinavyochongwa kwa shaba tupu. Kwa .375 vichwa vya namna hiyo ni vizuri zaidi; kwa .300 katika pori nene naviona ni lazima.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho aende kwenye meza ya kuchunia. Mara nyingi kichwa cha .375 hukutwa upande wa pili wa nyati, kimelala kati ya ubavu na ngozi, na mchunaji hukigundua kwa kidole kabla ya kisu, uvimbe mgumu ulio chini ya ngozi. Kikitolewa kimefunguka mbele kama uyoga, petali za shaba zimejikunja nyuma, na shina lake bado zima na zito mkononi. Kipande hicho kinaeleza zaidi kuliko jedwali la kasha, kwa sababu kinaonyesha kwamba risasi ilivuka mapafu yote mawili na bado ilikuwa na nguvu.

Kuhusu nyama, watengenezaji hawasemi kitu, lakini huku kwetu ni jambo zito. Risasi ya kasi huiacha nyama ya bega imevilia damu kwa upana wa viganja viwili, nayo hutupwa. Ya .375 hutoboa tundu kubwa lakini huharibu kidogo pembeni yake, na hata pongo au funo aliyepigwa nayo, hasa kwa risasi ngumu isiyotanuka, huletwa kambini akiwa na sehemu kubwa ya nyama yake. Aidha, kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vya pwani ya Lindi, mnyama aliyekutwa bado hai anapaswa kuchinjwa, kwa hiyo mnyama anayeanguka karibu na alipopigwa ana thamani kuliko anayekimbia nusu kilomita na kufia korongoni.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia kulipenda ni lile ganda refu linalopungua unene. Umbo lake huifanya risasi iteleze kuingia chembani bila kukwama, na ganda tupu huchomoka kwa wepesi hata likiwa moto. Faida hii si ndogo katika gari lililoegeshwa juani mwezi wa Oktoba, kwani baruti iliyopashwa joto huzalisha mgandamizo mkubwa zaidi, na ganda lililojazwa hadi ukomo wake huvimba na kung'ang'ania ukutani mwa chemba. Risasi ziwekwe kivulini, si juu ya dashibodi; ushauri huo ni kwa risasi zote, lakini .375 huvumilia uzembe kidogo. Unyevu wa pwani nao haubagui kaliba: hewa ya chumvi ya Kilwa Kivinje hula mtutu usiopakwa mafuta na kuyatia maganda ya risasi kutu ya kijani.

Sifa moja inayopewa .375 haistahili. Husemwa kwamba kichwa kizito hupita katikati ya vijiti bila kupotoka. Risasi yoyote ikigonga kijiti huweza kuyumba, ya .375 pia, na kijiti kilicho karibu na mtutu ni kibaya zaidi kuliko kilicho karibu na mnyama. Tafuta upenyo, au acha kupiga.

Kasoro zake ziko wazi. Kishindo chake begani ni karibu mara mbili ya kile cha .30-06 katika bunduki zenye uzito sawa, na mpigaji asiyekizoea huanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, hapo ndipo shabaha inapopotea kwa sentimita nyingi kuliko mshuko wowote. Kila kambi humpeleka mgeni kupiga karatasi iliyobandikwa kwenye boksi mbele ya kichuguu kabla ya kuingia porini, na ni hapo unapojua nani ananunua bunduki kwa ajili ya bega lake na nani kwa ajili ya sifa. Bei ya risasi zake iko juu, na bunduki yenyewe ni nzito kuibeba kutwa. Kwa anayewinda swala, ngiri na nguruwe pori tu kwa leseni yake ya mwenyeji, .30-06 yenye kichwa cha greni 180 au 220 inatosha kabisa, na pesa iliyobaki inunue risasi za mazoezi.

Kuhusu askari wa wanyamapori anayeitwa mashambani, hoja ya mshuko hufa kabisa. Utafiti wa Craig Packer, mtafiti wa simba, na wenzake uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini tangu mwaka 1990, mikoa ya kusini ikiwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, na kwamba mashambulizi yalihusiana kwa karibu na wingi wa nguruwe pori, ambao huwafanya wakulima walale kwenye madungu wakilinda mazao na kuwavuta simba vilevile. Anayemfuata simba wa namna hiyo kwenye mihogo humkuta kwa mita kumi au kumi na tano. Katika umbali huo cha kukumbuka ni kwamba darubini imekaa sentimita nne hivi juu ya mtutu, hivyo risasi bado iko chini ya mstari wa kulenga na itagonga sentimita kama tatu chini ya alama. Darubini yenye ukuzaji mdogo, unaoanzia mara moja au moja na nusu, ina faida hapo kuliko kasi yoyote.

Kwa atakayeinunua .375, nashauri airekebishe shabaha kwenye mita 150 badala ya 100. Kwa kichwa cha greni 300, risasi haitapanda zaidi ya sentimita 4 au 5 juu ya mstari wa kulenga njiani, na ifikapo mita 200 itakuwa imeshuka 10 hivi, maana yake ni kwamba tangu miguuni pake hadi mwisho wa macho yake katika miombo atalenga katikati ya bega la nyati, palahala au kongoni bila kufanya hesabu. Kwa funo na nsya, ambao bega lao ni dogo, alenge chini kidogo wakiwa kati ya mita 70 na 100, na wakiwa mbele ya mita 150 awasogelee kwanza.