Jumanne nane za bastola ya upepo: nimelipa euro 60 kufundishwa kutofyatua

Nianze na lawama kabisa, maana nikishaanza kusifia nitaisahau. Mimi ni mashoto. Fomu ya kujiandikisha iliuliza mkono ninaotumia, nikaweka alama. Nafika Jumanne ya kwanza, saa moja jioni, baridi ya Novemba inakata masikio, nakabidhiwa bastola yenye mpini wa mkono wa kulia, tena mkono wa dume la mtu. Mpini wa bastola ya mashindano si kama wa kisu, ukamate unavyotaka. Umechongwa mabonde ya vidole na sehemu ya kulaza kiganja, kwa hiyo ukiushika kwa mkono usio wake ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nimehangaika hivyo Jumanne mbili nzima. Kwa hela yangu nilitegemea angalau mtu aisome ile fomu.

Klabu yenyewe siitaji jina. Ni ya kijiji, huku Hessen, Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi, na vijiji vya huku vina klabu za kulenga shabaha kama mitaa ya kwetu Tanga ilivyo na timu za mpira. Ukiishi huku, kuna moja karibu nawe.

Kilichonipeleka ni picha ya yule Mturuki, Yusuf Dikeç, ya Olimpiki ya Paris 2024. Fulana, miwani ya kawaida ya macho, mkono mfukoni, kama mtu anayengoja daladala. Wodini tuliicheka wiki nzima, mpaka mwenzangu wa zamu ambaye ni mwanachama akaniambia niache kucheka, ule mkono mfukoni uko kazini. Mkono usioshika bastola ukining'inia ovyo unavuta bega, bega linavuta kiuno, na wewe mwenyewe huna habari. Na yule bwana hakuokotwa kijiweni. Alikuwa anashiriki Olimpiki tangu Beijing 2008. Paris alipata fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, kwenye timu mseto ya mita 10.

Mita 10 ndiyo hii tuliyofundishwa. Unasimama, unashika bastola kwa mkono mmoja tu, unapiga kadi ya sentimita 17 kwa 17. Duara jeusi la katikati lina kipenyo cha milimita 59.5, na ile kumi yenyewe, kiduara cha ndani chenye alama ya juu, ina milimita 11.5, yaani kifungo cha shati. Virisasi ni vya milimita 4.5, vimebanwa kiuno kama nyigu.

Mwalimu ni mzee mstaafu. Nilimzoea nikawa namwita babu, akauliza maana yake, akafurahi, na sasa ukumbi mzima unamwita babu, hata wale wanaomzidi umri. Siku ya kwanza babu hakutupa kirisasi hata kimoja. Alichora kwenye ubao kijiti cha kulengea kilichoko mdomoni mwa mtutu na kipengo cha nyuma karibu na macho, halafu akapiga hesabu ambayo kwangu mimi ndiyo kozi yote.

Kutoka kipengo hadi kijiti ni kama milimita 330. Mkono wote ukiyumba milimita 10 lakini kijiti kikabaki katikati ya kipengo, risasi itakosea milimita 10 tu, na bado unapata tisa. Lakini mkono ukitulia kama nguzo, kijiti kikapinda ndani ya kipengo kwa milimita moja tu, kule mbele kosa linakuwa milimita 30. Umetoka kumi ukaenda saba, na mkono wako hukuuona ukitikisika. Kwa hiyo mtu anayehangaika kuuzuia mkono usitetemeke anapigana na adui asiye wake. Mkono utatetemeka, una damu ndani yake. Jicho likae kwenye kijiti, mwanga wa kushoto na wa kulia ulingane, na lile duara jeusi ulione ukunguukungu, tena ulenge chini yake, kwenye weupe.

Kuliacha duara liwe ukungu ni kazi, jamani. Macho yanataka kwenda kwenye kitu unachokipiga. Dawa ya babu ni kuigeuza kadi, upande mweupe ukuangalie, hakuna duara wala namba. Unapiga risasi tano kwenye weupe mtupu. Mimi niliyekuwa natawanya risasi kama mtu anayemwagia kuku mtama, tano za kwanza kwenye weupe zilikaa ndani ya eneo la kiganja. Nikageuza kadi, duara likarudi, mtama ukarudi.

Kidole nacho kina somo lake. Kwenye mashindano kifyatulio lazima kihimili angalau gramu 500 kabla ya kuachia, na unatakiwa kukivuta taratibu bila kujua sekunde gani kitaachia. Tulizoea kwa kufyatua kavu, bila risasi, sarafu ya senti moja imelazwa juu ya mtutu. Ikianguka, umekichapa kidole badala ya kukivuta. Yangu ilianguka mara kumi na moja mfululizo, mtoto wa miaka 13 pembeni yangu akiniokotea kwa adabu kabisa, jambo lililoniuma zaidi kuliko angecheka.

Halafu kuna kutaja. Ukishapiga, kabla kamba ya mota haijakuletea kadi, unasema risasi imekwenda wapi: "nane, juu kulia." Kisha unaangalia. Ukikosea kutaja, babu hakuulizi habari ya alama, anakuuliza ulikuwa unaangalia nini. Wiki ya tano nilianza kupatia karibu nusu. Hapo nilihisi nimejifunza kitu, ingawa alama zenyewe bado zilikuwa za kusikitisha.

Jumanne ya tatu ndipo mambo ya mkono wangu yakatengenezwa, na haki yake nimpe mzee. Alileta mpini wa mkono wa kushoto alioutoa sijui kabati gani, mkubwa kupita kiasi, na kopo la lipu ya mbao. Akaikanda kama donge la chapati, akaibandika kwenye mpini, akanivalisha glovu nyembamba, zile zile ninazovaa kazini, akaniambia nishike kama ninavyoshika mkono wa mgonjwa anayeogopa sindano. Nikashika. Vidole vikazama, lipu ikafura katikati yake, naye akawa anakata iliyozidi kwa kisu huku nimenyoosha mkono. Wiki iliyofuata alipiga msasa. Tangu siku hiyo nikifumba macho na kuinua, kijiti kinakuja chenyewe ndani ya kipengo.

Nyumbani sikuwa na bastola, nikatumia chupa ya maji ya lita moja, uzito wake unakaribiana nayo. Mkono mbele, sekunde kumi, pumzika, mara ishirini. (Huku mwenye miaka 18 ananunua bastola ya upepo yenye chapa ya F, alama ya silaha ya nguvu ndogo, bila kibali. Kwetu ni habari nyingine, usije ukaifungia kwenye sanduku la likizo.)

Mengine nayapita haraka. Bastola za kuazima ni za zamani, unakaba upepo kwa wenzo kila risasi, na ukiwa mashoto wenzo uko upande usiokutaka. Mwenye haraka ya kupiga sana atachoshwa. Kuna jioni nimepiga risasi 15 tu. Baada ya mazoezi wote wanahamia kwenye bia, na mimi situmii, lakini kuanzia wiki ya pili nilikuta nimetengewa juisi ya tufaha yenye gesi bila kuomba.

Kilichonishinda mpaka leo ni kushusha. Ukipitisha kama sekunde nane kijiti hakijatulia, unatakiwa ushushe bastola, upumue, uanze upya. Kila mtu anakubali kwa mdomo. Lakini ukiwa pale juu, pumzi inakwisha, kidole kinanong'ona "sasa, sasa," nawe unakisikiliza. Jumanne moja nilikwenda baada ya zamu ya usiku na usingizi wa saa tatu tu. Niliuona mpigo wa moyo wangu kwenye kijiti, tik, tik, ningeweza kuuhesabu bila saa. Babu akanipa zoezi moja tu: inua mara ishirini, shusha mara ishirini, usifyatue hata mara moja. Nilimchukia kidogo.

Mashindano madogo ya kufunga kozi yalikuwa ya risasi 40. Wiki ya pili nilipata 271 kati ya 400, siku ya mwisho 318. Mshindi alipata 371, kwa hiyo msinipigie vigelegele. Risasi ya arobaini nilishusha mara tatu kabla ya kuipiga. Nikataja: "tisa, chini." Ilikuwa tisa, chini.

Nyota nne. Ile ya tano imebaki kwenye fomu. Nimeshalipa uanachama wa mwaka, na ukija ukakuta kabatini mpini wa kushoto wenye lipu ya kijivu na alama za vidole vitatu, huo ni wangu, tafadhali usiupige msasa.